Kurekodi albamu ya Fumo Liyongo mkiwa miji miwili: mwongozo kamili wa roki ya progresivu kwa wanamuziki wawili

Kutoka Mombasa hadi Hamburg ni takriban kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo hata kama kebo ingenyooka kabisa, sauti ya gitaa lako ingechukua milisekunde 35 kufika na nyingine 35 kurudi. Kebo hazinyooki, na kila mtambo ulioko njiani unaongeza ucheleweshaji wake. Wapigaji wengi huanza kupoteana sauti ya mwenzao inapochelewa zaidi ya milisekunde 25 au 30. Programu za kupiga pamoja mtandaoni kama Jamulus, SonoBus na JackTrip ni nzuri kwa watu wa mji mmoja au miji jirani, lakini kwa umbali huu hakuna bando litakalowafaa.

Hamtapiga pamoja, basi. Mtapokezana. Jambo ambalo bendi huliamua chumbani kwa kutazamana, nyinyi mtaliamua kwa maandishi kabla ya kurekodi chochote, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maandishi hayo. Mfano wangu tangu mwanzo hadi mwisho ni albamu juu ya Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa masimulizi ya pwani, mmoja wenu akiwa Mombasa na mwingine Hamburg. Nimemchagua Liyongo kwa sababu kisa chake kina uzito wa kubeba albamu nzima. Zaidi ya hayo, utenzi unaokisimulia umebeba hesabu za mapigo ambazo wapenzi wa roki ya progresivu huzitafuta kwa jasho.

Kisa kwanza

Roki ya progresivu ilichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa bendi kama King Crimson, Yes na Genesis. Iliwapa wanamuziki ruhusa ya kuandika nyimbo za dakika 20, kubadili mapigo katikati ya wimbo na kuiacha albamu nzima isimulie jambo moja. Ruhusa hiyo inawavuta wengi kwenye visasili na mighani, na wengi hukwama hapohapo. Wanachukua majina ya mashujaa na kuyapachika juu ya rifu (vifungu vifupi vya gitaa vinavyorudiwa) walizokuwa nazo tayari, na msikilizaji anabaki na majina matupu.

Dawa yake ni kuandika ukurasa mmoja wa kisa kabla ya kushika ala. Kwa Liyongo mna masimulizi mengi ya mdomo kutoka Pate, Lamu na Mto Tana, na mna utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Usomeni wote, wote wawili, kila mmoja peke yake. Kisha kila mmoja achague matukio sita bila kumwonyesha mwenzake, halafu mlinganishe. Yale mliyoyachagua wote ndiyo mifupa ya albamu. Yale aliyoyachagua mmoja tu, ayatetee. Mimi ningeyapanga hivi:

1. Nguvu na utungo: Liyongo kijana, mpiga upinde na malenga, anayeanza kutiliwa shaka na jamaa yake mtawala wa Pate.
2. Kikoa cha makoma: wanapanga kumpiga mishale akiwa juu ya mkoma, mti wa jamii ya mnazi. Yeye hapandi, anaziangusha koma kwa mshale wake.
3. Gerezani: mjakazi Saada anampelekea mama ujumbe, mkate wa wishwa unakuja na tupa ndani yake, na minyororo inakatwa ngoma zikirindima.
4. Ahadi: mwana wa Liyongo anaahidiwa makubwa akimuua baba yake.
5. Sindano ya shaba: mwana anaitumia baba akiwa usingizini.
6. Kisimani: Liyongo anapiga goti, anavuta upinde na kufa hivyo. Watu wanaogopa kuteka maji kwa sababu wanadhani yu hai.

Tukio la tatu ndilo linalostahili kutumiwa muda mwingi kuliko yote, kwa sababu ndani ya kisa chenyewe muziki una kazi. Walinzi wanakula chakula kizuri na kuuacha mkate wa wishwa umfikie mfungwa. Liyongo anawaomba watu wapige ngoma ya gungu, na kelele zao zinaficha sauti ya tupa kwenye chuma. Ni mara chache kisa kinamwambia mpangaji muziki waziwazi kile ala zake zinapaswa kufanya. Tafuteni tupa halisi na kipande cha chuma, mrekodi mkwaruzo, kisha muusuke ndani ya mdundo mpaka msikilizaji asijue ni ala gani. Ngoma zinaponyamaza ghafla, mkwaruzo ubaki peke yake kwa nusu sekunde.

Kwa kila tukio andikeni mambo manne: nani anaimba, nini kinabadilika kati ya mwanzo na mwisho, ni sauti gani isiyosikika kwingine kokote, na ni tuni gani ya mhusika inarudi. Tuni za wahusika ziwe fupi, noti nne au tano tu. Ya Liyongo, ya mama na ya sindano zinatosha. Tuni ya sindano isikike mara moja kwa siri katika tukio la kwanza, chini kabisa kwenye besi, ili ikija tena katika tukio la tano sikio liitambue bila kujua liliisikia wapi.

Mapigo yatoke kwenye mizani

Wengi wanaoanza roki ya progresivu huamua kwanza kwamba wimbo utakuwa 7/8 (mapigo madogo 7 katika kila kipimo), kisha wanasukumiza maneno humo. Kwa Kiswahili matokeo yake hukwaruza masikio, maana mkazo wa neno unaangukia pasipo pake. Anzeni na maneno.

Utenzi una mizani (silabi) 8 katika kila kipande na vipande 4 katika kila ubeti. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kinabeba kina kinachorudi utenzi mzima. Huu ni ubeti niliouandika kwa ajili ya mwongozo huu, Liyongo akiwa gerezani:

Usiku umenikuta,
minyororo naivuta,
huko nje ngoma zapita,
tupa yangu mkononi.

Sasa tuvuke hadi Finland. Kalevala, mashairi ya masimulizi ambayo Elias Lönnrot aliyakusanya kwa waimbaji wa vijijini na kuyachapisha mwaka 1835, kisha kuyapanua mwaka 1849, yana mistari ya silabi 8 pia. Kuna namna ya kuyaimba inayofahamika sana: silabi sita za kwanza ni fupi, mbili za mwisho zinarefushwa mara mbili. Fupi moja ikihesabiwa pigo dogo moja, mstari mzima una 6 na 4, jumla mapigo madogo 10, sawa na makubwa 5, yaani kipimo kimoja cha 5/4. Kwa Wafini mpangilio huo ulikuwa uimbaji wa kawaida kabla ya gitaa la umeme kubuniwa.

Kipande cha utenzi kinakaa humo bila kusukumwa. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika mizani 8 silabi hiyo ni ya saba, ileile inayorefushwa. Imbeni: u-si-ku-u-me-ni fupi zote, kisha KUU ndefu, TAA ndefu. Halafu mi-nyo-ro-ro-na-i, VUU, TAA. Neno linatamkwa kama linavyotamkwa barazani na hapohapo linakupa 5/4.

Endeleeni. Mkibadilisha urefu wa silabi mbili za mwisho tu, ubeti uleule unawapa vipimo vinne tofauti. Zote mbili zikibaki fupi mna mapigo madogo 8, yaani 4/4, na hiyo ni sauti ya umati. Ya saba ikiwa 2 na ya nane 1, mna 9/8, kipimo kinachochechemea mbele, kinachofaa hatari inapokaribia. Zote zikiwa 2, ni 5/4 ya mfungwa. Zote zikiwa 3, ni 12/8 iliyotulia, ya mama akilia kisimani. Maneno hayakuguswa, mkazo haukuhama, na albamu ina umoja ambao msikilizaji ataupata kwa mwili wake hata asipojua kuhesabu. Sijaona njia bora ya kuunganisha mapigo magumu na Kiswahili.

Sharti ni moja: pigo dogo libaki na urefu uleule mnapohama kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Likibadilika, mhamo utasikika kama wimbo mwingine umeanza.

Hesabu hii inawasaidia pia kupima muda. Kwa mwendo wa mapigo makubwa 96 kwa dakika, kipimo kimoja cha 5/4 kinachukua sekunde 3.125, na ubeti mzima sekunde 12.5. Beti 16 ni dakika 3 na sekunde 20. Utenzi wa Kijumwa una beti zaidi ya 200, na kuziimba zote kwa mwendo huo kungewala zaidi ya dakika 41 bila sehemu moja ya ala. Chagueni beti, au mtunge zenu kwa mizani ileile.

Kuhusu lahaja, kubalianeni mapema. Utenzi uko kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, wenye nti, mato na ndia (nchi, macho na njia), na mwimbaji aliyelelewa bara akiimba nusu Kiamu nusu sanifu atasikika hivyo. Mpateni mtu wa Lamu awasomee beti zote kwa sauti ya kawaida, mrekodi kwa ruhusa yake na kumlipa, kisha faili hilo likae kwenye mradi kama rejea ya matamshi.

Ramani ya mwendo

Ramani ya mwendo ni orodha ya kila kipimo cha wimbo, mapigo yake na kasi yake. Bila hiyo mtarekodi vipande vizuri visivyokutana. Iandikeni kwanza kwa maneno, katika hati moja mnayoishirikisha:

Gerezani. Mwendo 96.
Vipimo 1–2: 4/4, kuhesabu tu.
Vipimo 3–18: 5/4, beti nne, sauti na udi.
Vipimo 19–34: 9/8, ngoma na tupa zinaingia.
Vipimo 35–66: 4/4, umati, mwendo unapanda hadi 112.

Kisha mmoja wenu aiingize kwenye programu ya kurekodia. Reaper inafaa sana kwa kazi ya namna hii: inakwenda kwenye Windows, macOS na Linux, ina siku 60 za kujaribu, na leseni ya watu binafsi ni dola 60. Wote wawili mkitumia programu moja, toleo moja, mmejiondolea nusu ya matatizo. Mkitumia tofauti, toeni faili la MIDI (maagizo ya muziki yasiyo na sauti yenyewe) lenye mwendo na mapigo ndani yake, mwenzenu alifungue kwanza kabla ya kurekodi noti yoyote.

Mwendo unaopanda polepole ni wa kuangaliwa. Programu mbili zinaweza kuuchora kwa mkunjo tofauti, na mkifika kipimo cha 66 mmeachana. Pandisheni kwa ngazi, nusu pigo katika kila kipimo, na daima mtoe kliki yenyewe, yaani mlio wa kuhesabu mapigo, kama faili la WAV lililoanza sekunde ya sifuri. Kliki hiyo ndiyo hakimu. Ramani ikitofautiana nayo, ramani ndiyo iliyokosea.

Ikishakubaliwa, ifungeni. Mtu akitaka kuongeza vipimo vinne vya solo baadaye, aandike ombi na ramani ipewe namba mpya. Inaonekana ukali, lakini mpigaji aliyerekodi besi ya dakika 9 juu ya ramani ya zamani atawaeleza vizuri zaidi yangu.

Makubaliano ya haki

Hapa pasomeni mara moja, mwandike, mtie sahihi, muendelee. Asilimia ya utunzi wa kila wimbo iandikwe wiki ile wimbo unapokamilika kutungwa, si mwishoni mwa albamu. Tenganisheni haki ya utunzi na haki ya rekodi. Andikeni nani anamiliki mafaili mmoja akijitoa. Aliyeko Ujerumani pengine atasajili kazi kwa GEMA (chama cha mirabaha cha Ujerumani), aliyeko Kenya atasajili kwa chama cha mirabaha cha huko, na majina na asilimia lazima yafanane herufi kwa herufi pande zote mbili.

Kisa cha Liyongo ni cha jamii. Maneno ya mhariri au mtafsiri wa karibuni yanaweza kuwa na mwenyewe, kwa hiyo msichukue beti kutoka toleo jipya bila kuuliza. Kenya pia ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa asilia na sanaa za jadi na kuzitambulia jamii haki juu ya hadithi na nyimbo zao. Waendeeni wazee wa Lamu na Pate mapema, waelezeni mnachotaka kufanya, na muulize nini kirudi kwao. Mkirekodi ngoma ya gungu kutoka kwa wapigaji wake, majina yao yaingie kwenye albamu na malipo yao yaandikwe kama ya mwanamuziki yeyote.

Mafaili

Rekodini kwa biti 24 na kilohezi 48, wote wawili, bila ubaguzi. Mmoja akirekodi kwa 44.1 na mwingine akafungua bila kubadilisha, sauti itahama kwa karibu nusutoni moja na nusu, na mtapoteza jioni nzima mkilaumu zumari.

Dakika moja ya traki ya mono kwa vipimo hivyo ni takriban megabaiti 8.6. Wimbo wa dakika 10 wenye traki 24 unafika gigabaiti 2. Google Drive inatoa gigabaiti 15 za bure, na nyimbo sita za namna hiyo zitakula zaidi ya 12 kabla hamjarudia chochote. Tumeni kwa FLAC: inapunguza ukubwa sana bila kupoteza hata chembe ya sauti. Msibadilishane vipande vya kazi kwa MP3, maana mbali na kupunguza ubora inaongeza ukimya mdogo mwanzoni, na kipande hakitakaa mahali pake. WhatsApp nayo hubana sauti ikitumwa kama ujumbe wa sauti. Mkilazimika kuitumia, tumeni faili kama hati.

Kila kipande kianze sekunde ya sifuri, hata kama gitaa linaingia dakika ya nane. Jina liwe na namba ya wimbo, ala, namba ya toleo na herufi za aliyepiga, kwa mfano 03_gerezani_udi_t04_AM. Neno "mwisho" lisitumike kwenye jina la faili.

Faili la mradi lina mwenyewe mmoja kwa wakati mmoja. Wekeni hati ndogo yenye mstari mmoja: "Kijiti kiko kwa Hamburg tangu Jumanne." Asiye na kijiti anaweza kurekodi vipande vyake, lakini hagusi mradi. Bila kanuni hii mtaamka mna miradi miwili iliyohifadhiwa usiku mmoja, kila mmoja una kitu kizuri ambacho mwingine hauna.

Nakala ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Aliye Mombasa aongeze kifaa cha kuhifadhi umeme kwa kompyuta, kwa sababu stima ikikatika katikati ya kurekodi faili linaweza kufa.

Pimeni mashine zenu

Hatua hii hurukwa na wengi. Kadi ya sauti ina ucheleweshaji wake, na programu hujaribu kuufidia kwa namba inayopewa na kadi. Namba hiyo si lazima iwe sahihi. Chukueni kebo fupi, iunganisheni kutoka tundu la kutoa hadi tundu la kuingiza la kadi yenu, pigeni kliki na muirekodi. Vuteni picha ya sauti karibu kabisa na mlinganishe. Kliki iliyorekodiwa ikikaa nyuma au mbele ya ile ya asili, ingizeni tofauti hiyo kwenye mipangilio mpaka zikutane. Kila mmoja afanye hivyo, na arudie akibadilisha kadi au kompyuta. Kosa la milisekunde 10 haujulikani kwa kila traki peke yake, ila albamu nzima inakuwa nzito miguuni na hamjui kwa nini.

Wakati wa kurekodi bafa, yaani idadi ya sampuli za sauti ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzichakata, iwe 128 au 256. Wakati wa kuchanganya ipandisheni hadi 1024.

Mpangilio wa kurekodi

Wimbo wa kuongozea uje kwanza: sauti na gitaa au kinanda, imbwe yote juu ya kliki, bila kujali ubora. Hapo ndipo mtagundua ubeti mrefu mno au mhamo usiofanya kazi, na bado ni rahisi kurekebisha.

Ngoma za seti zifuate. Kama hakuna kati yenu anayezipiga kweli, mwajirini mpigaji. Naelewa kwamba albamu ni ya watu wawili na itabaki yenu, lakini roki ya progresivu inaishi kwenye mkono wa mpiga ngoma, na seti za kompyuta mlizozipanga kwa kipanya zitawachosha kufikia tukio la pili. Mpeni ramani, kliki, wimbo wa kuongozea na ukurasa wa kisa. Mwombeni mirudio mitatu ya kila sehemu, mmoja kati yake uwe wa kujiachia.

Besi ije juu ya ngoma halisi. Kisha ala za pwani kabla ya kinanda na gitaa, na hili nalisisitiza. Zumari halifuati noti za piano, na ndiyo uzuri wake. Mkirekodi vinanda kwanza, mpiga zumari atalazimika kukimbizana navyo. Rekodini zumari, sikilizeni noti zake zimekaa wapi, kisha programu ya kinanda ivutwe kwa senti chache kwenye noti zinazogombana. Nusutoni moja ina senti 100, na mara nyingi senti 15 au 20 zinamaliza ugomvi. Udi na kanuni (ala ya nyuzi nyingi) zirekodiwe kwa rejea ya A 440 mliyoikubali, na kila faili liwe na noti ya A ya sekunde mbili ndani ya vipimo vya kuhesabu. Siwa, baragumu kubwa la sherehe ambalo lile la pembe la Pate na lile la shaba la Lamu ni mashuhuri, msiliige kwa kinanda. Kama hampati ruhusa wala mpigaji, liacheni.

Gitaa la umeme lirekodiwe mara mbili kwa wakati mmoja, traki moja kutoka kwenye amplifaya na nyingine kavu moja kwa moja kutoka kwenye kebo. Traki kavu itawaokoa mwezi wa tatu mtakapoamua kwamba sauti ya kwanza ilikuwa kali mno, kwa sababu mwenzako anaweza kuipitisha kwenye amplifaya yake bila wewe kupiga tena. Viwango vya kuingiza visipande zaidi ya desibeli 12 hadi 6 chini ya kilele. Kwa biti 24 hakuna sababu ya kukaribia ukingo.

Sauti ya kuimba ije mwisho, baada ya msikilizaji wa kwanza, yaani nyinyi wenyewe, kujua wimbo unakwenda wapi. Chumba chenye godoro ukutani, nguo na zulia kinashinda chumba kitupu chenye maikrofoni ya gharama. Zimeni feni na friji. Mombasa, rekodini usiku baada ya isha, mji unapotulia.

Kukosoana

Maoni ya mdomo hupotea. Andikeni kwa kipimo: "Kipimo 22, tupa iko juu ya ngoma, ishuke." "Kipimo 31, besi imewahi." Neno kama "haina hisia" lisiandikwe bila mahali na pendekezo. Kila mmoja awe na haki ya kukataa kabisa jambo moja katika kila wimbo bila kutoa sababu, na haki hiyo ikishatumika imekwisha. Inawalazimisha mlijue lile mnalolijali kweli.

Wekeni simu moja kila wiki, saa ileile. Kenya iko mbele ya Ujerumani kwa saa moja majira ya joto ya Ulaya na saa mbili majira ya baridi, kwa hiyo miadi huteleza mara mbili kwa mwaka. Andikeni saa kwa namba za 24, maana saa mbili kwa mmoja wenu ni 20:00 na kwa mwenzake aliyezoea saa za Ulaya inaweza kuwa 14:00. Katika simu hiyo sikilizeni wimbo kila mmoja kwenye mashine yake, mkianza kwa kuhesabu pamoja. Msisikilizane kupitia simu.

Miksi, masteringi na kutoa

Mchanganyaji awe mmoja. Mwingine atoe maoni, asiguse. Anzeni na Gerezani kwa sababu ina ala nyingi kuliko zote, na viwango mtakavyovipata humo vitawaongoza kwingine. Kisimani iende mwisho.

Msiibane albamu iwe na sauti kubwa kila mahali. Spotify husawazisha sauti karibu na LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), kwa hiyo mtakachofinya kitashushwa tu, na mtakuwa mmepoteza tofauti kati ya ngoma za gungu na kimya cha kisima. Pelekeni kwenye masteringi, yaani matayarisho ya mwisho kabla ya kutoa, mafaili ya biti 24 yasiyo na kibano cha mwisho, kilele kikiwa karibu desibeli 6 chini, na nyimbo zote sita zifanyiwe kazi katika kikao kimoja ili uwiano kati yao ubaki. Kilele cha mwisho kisipite desibeli -1.

Kama nyimbo zinaungana bila kupumua, kateni faili pale wimbo mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia bila kuacha hata sampuli moja katikati, na mpeleke WAV. Jaribuni kwenye simu ya kawaida kabla ya kutuma. Mkitaka santuri, kila upande unabeba vizuri dakika 18 hadi 22, na matukio matatu kwa kila upande yanagawanyika barabara: upande wa kwanza unaishia minyororo ikikatika, wa pili unaanza na ahadi.

Kwa mauzo, Bandcamp inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na inawaruhusu kuambatanisha kijitabu. Kiambatanisheni: beti zote, majina ya wapigaji wote, aliyewasomea Kiamu, na ramani ya mwendo yenyewe, kwa sababu wapenzi wa muziki huu watakaa nayo wakihesabu. Nakala moja ya albamu na ya rekodi za gungu zisizochanganywa ipelekwe kwa wapigaji waliozipiga, kwenye kifaa wanachoweza kukifungua, kabla ya siku ya kutoka.

Mwisho kabisa, kila mmoja wenu atoe traki zote kama WAV kavu kutoka sekunde ya sifuri, pamoja na MIDI, kliki na hati zote, aziweke kwenye diski mbili. Programu za leo huenda zisifunguke baada ya miaka 20, lakini WAV itafunguka, na atakayetaka kuichanganya upya ataanzia hapo.